Tangi la Tisa

Hatukuambiwa sugueni. Tuliambiwa: yang'ae.
Basi matangi, la kwanza hadi la nane, yakang'aa
kama sahani za arusi,
na alfajiri vifaranga wa samaki bapa wakaelea matumbo juu,
wembamba kama kope.
Tukawachota kwa chujio la chai.

Fandiño akalaumu mvua.
Galisia nzima hulaumu mvua.

La tisa Sabela Outeiral hakulisugua.
Si kwamba alisahau; bega ndilo lililokataa.
Ukutani pakaota ngozi ya kahawia, telezi,
mfano wa machicha chini ya kikombe,
na humo vifaranga hai, mamia,
kila mmoja jicho lake moja limeanza
safari ya kuvuka uso.

Uxía wa maabara alikwangua kidogo kwa wembe,
akaotesha kwenye sahani ya kioo pamoja na wale wauaji.
Siku mbili. Akaniita: njoo uone.
Kila doa la kahawia lilizungukwa na uwanja mtupu,
kama mtu aliyetamka jambo baya karamuni.

Bakteria mmoja hathubutu, alisema.
Hutanguliza kemikali ndogo, ya kuuliza tu: mpo?
Wakishajijua kuwa wengi
ndipo wanapopika tindikali yao ya salfa;
ikishikana na chuma cha majini, ndiyo hiyo rangi.
Mgeni anakuja mbio na mkia wake, ana njaa.
Hapigwi. Hakuna anayemgusa.
Chaji yake tu inavuja,
kama simu ya mtu aliye mbali na kwao,
mkia unazunguka,
unazunguka polepole,
basi.

Nikasema, kumbe wanawapenda samaki!
Uxía akacheka hadi miwani ikaingia ukungu.
Samaki? Hata hawajui kama kuna samaki.
Wanalinda ukuta.

Nililala na neno hilo. Niliamka nalo.
Nimewahi kuokolewa mara ngapi
na mtu aliyekuwa akijilindia ukuta wake?

Siku hizi Sabela husugua matangi yote tisa
isipokuwa upana wa kiganja, upande usiofikiwa na taa.
Kisha hukausha mikono, huazima kalamu ya Fandiño,
na kwenye daftari, mbele ya kila namba,
kwa mwandiko wake wa shule ya masista,
huandika: Limesafishwa.