Zamu ya Kwanza, Ibri

Zuwena, kabla ya sindano soma utepe wa mkononi.
Hata kama jana mlicheka, muulize jina.
Osha mikono. Nimekuona umeshika pazia: osha tena.

Kitanda cha saba, tumbo limepasuliwa alfajiri.
Damu ya kwenye mrija iandike kwa mililita;
"kidogo" si kipimo.
Daktari alimuuliza kwa Kiarabu,
akajibu alhamdulillahi, akageuza uso.
Kwenye faili: maumivu, sufuri.

Lakini tazama vidole vilivyofumbata shuka.
Mzee Nabhan kazaliwa Tabora.
Inama, muulize kwa lugha aliyolilia utotoni.

"Mwanangu, panawaka kama tanuri."

Haya.
Usiifute ile sufuri.
Andika tisa chini yake,
na saa,
na jina lako.