Ncha ya Tisa

Hiki si chuma, ingawa kinang'aa kama chuma.
Ni nikeli iliyofundwa na kromu, ikala kiapo cha moto:
tumboni mwa injini, pale bomba linapowaka wekundu,
yenyewe hukaa kimya, hailegei.
Sasa imelala kwenye meno ya chaki, karakana ya reli, Tabora,
mhimili mmoja, unene wa kifundo cha mkono wangu,
na injini ya Kigoma imeegeshwa nje haina pumzi,
na mapipa ya mawese, kule mwisho wa reli, yanangoja.

Kisandukuni zilikuwa ncha kumi na mbili za kabaidi.
Nane zimekwisha kwa siku mbili.
Ndugu Mlekwa anasimama mlangoni, anatazama saa, hatazami kazi.
"Ongeza mwendo, Kabula."
Niongeze? Chuma cha kawaida huondoka na joto lake
ndani ya maranda, kama mgeni anayebeba takataka zake.
Hii haibebi. Joto lote hulibwaga mlangoni,
juu ya ukucha wa ncha, mahali padogo kuliko punje ya ulezi.

Na ukiiogopa, ukaisugua tu pasipo kuikata,
huota sugu palepale.
Mkato unaofuata unakuta ngozi ngumu kuliko nyama,
na ngozi hiyo huitafuna ncha kwa mstari mmoja,
pengo ubavuni, kama la mtoto wa darasa la pili.
Basi ingia kwa kina. Usisite njiani.
Polepole, lakini bila huruma.

Nyanzobe, mwanagenzi, ameshika daftari.
Mita ishirini na tano kwa dakika. Ampea kumi na moja.
Kila dakika nne tunazima, tunachungulia kwa lenzi:
ukanda wa kijivu chini ya makali,
moja ya kumi ya milimita. Mbili.
Ikifika tatu, tunaitoa. Ndivyo kisemavyo kitabu.
Lakini kitabu hakina sikio, hujisifu hivyo mimi,
mimi ninayesikia ncha inayokufa nikiwa choo cha nje.

Ncha ya tisa.
Maranda yanatoka rangi ya asali ya miyombo,
yamejikunja vizuri, halafu rangi ya zambarau, halafu yanachanika.
"Dada Kabula, imebadili sauti."
"Haijabadili."
"Ampea kumi na tano, dada."
"Hiyo ni pampu ya maji. Andika."

Miaka kumi na tisa nimesimama upande huu wa mashine,
sikio la kushoto likielekea chuma.
Hakuna aliyewahi kulichungulia kwa lenzi.

Hata kuvunjika kwenyewe nilikuona kabla sijakusikia:
bega la Nyanzobe liliruka,
kipande cha kabaidi kikaingia ndoo ya maji meupe.
Kwenye mhimili, mfereji. Nikapima mara tatu, vidole vikicheza.
Sehemu mbili za kumi; na tulikuwa na tano za kuondoa bado.
Umepona, mhimili. Mimi sijui.

Mlekwa alikuja, akaangalia saa, akaenda.

Ile ncha nimeitia kwenye kopo la siagi pamoja na ndugu zake.
Kila moja ina karatasi: tarehe, kina, dakika ilizoishi.
Ya hii nimeongeza jina la aliyesikia.

Kisha nikaifunga ya kumi.
Nikashusha msumarini vile vifuniko vya masikio
vilivyoning'inia pale, na vumbi lake, tangu Magohe astaafu.
Nikavipangusa kwa kanga yangu. Nikamvisha.
Akatikisa kichwa: nitasikiaje?
Nikakishika kiganja chake, nikakilaza juu ya kishikio cha ncha,
mbali na maranda, mahali nguvu ya mkato inaporudi nyuma
ikitafuta mtu wa kumwambia.

Nikawasha.
Anaandika kwa mkono mwingine, herufi zimepinda:
kumi na moja. Kumi na moja. Kumi na mbili.
Ananitazama. Anainua kiganja.

Nikazima.