Jiwe la Mlango wa Jikoni

Mama analizuilia mlango,
upepo wa mlimani usiubamize.
Tulimnyang'anya mchuuzi wa mapambo kule Mikindani,
mwaka wangu wa kwanza kazini,
nikaliandika kwa wino usiofutika: sabini na nne.
Nilipolileta Kibosho nilimwambia,
Mama, hiki kilikuwa kiumbe hai, mnyama.
Akaligeuzageuza.
"Mnyama gani hana macho?"
Akarudi kukoroga mtori.

Miaka ishirini na sita
nimehesabu wanyama wasio na macho,
penseli imefungwa uzi kwenye kibao cha plastiki,
utepe wa mita hamsini, kila nusu mita natua,
naandika: hai, hai, mchanga, kifusi, hai,
kifusi, kifusi.
Sikio la kushoto nililiacha huko chini.
Baruti ndani ya maji haina mlio,
ni kofi la kifua kizima,
halafu samaki wanashuka polepole,
tumbo juu, hawana haraka tena.

Shangazi Ndeanasia hunitambulisha: huyu ndiye wa samaki.
Binamu zangu wahasibu wamejenga Soweto,
geti la umeme, vigae mpaka uani.
Harusini naulizwa kama naogopa papa.
Naogopa nyuzijoto thelathini na moja
wiki nne mfululizo, najibu.
Wanacheka. Naongezewa mbege.

Lakini nilipokwama na wavuvi,
grafu zangu zimelowa, mwenyekiti anasinzia,
niliwasimulia mfongo wa babu:
zamu ya maji, siku ya kuzibua,
na asiyetokea na jembe analipa pombe.
Mzee mmoja akauliza, na mwizi wa maji usiku?
Tukakaa mpaka alasiri.
Mwamba ule ulifungwa miaka mitatu.
Sijawahi kuyaandika hayo kwenye ripoti yoyote.

Jumamosi nimefika nyumbani, jiwe linang'aa.
Mama kaliloweka kwenye jiki usiku kucha.
"Lilishika masizi, mwanangu. Ona lilivyotakata."
Weupe huu naujua.
Nimeuandikia kurasa mia nne,
nimeulilia ndani ya miwani ya kuzamia,
mahali ambapo huwezi kufuta machozi.

Limependeza, Mama, nikasema.
Alipotoka kukata majani ya ng'ombe
nikachuchumaa pale kizingitini,
kidole kikitafuta palipokuwa na saba.