Yambwa

Jumanne ya kumi na moja, Montalegre, mvua ya mawe.
Nimeshuka basi la Braga na kinasa sauti mfukoni,
betri nne za akiba, na biskuti za kumhonga Iria
mwenye miaka miwili na miezi minne,
asiyependa biskuti.

Profesa Quintela hunichorea sentensi kama miti
iliyopinduliwa, shina juu, matawi yakining'inia,
na kwenye tawi moja la chini huweka duara tupu.
"Hapa pana kitu," husema. "Hakisikiki, lakini kipo.
Niletee ushahidi."
Ndivyo nilivyoanza kulipwa posho
ya kusikiliza kimya.

Jikoni kwa bibi Deolinda soseji zimetundikwa moshini.
Nauliza: Iria, kikombe umekifanya nini?
"Nimevunja."
Na buti la bibi?
"Nimeficha."
Hasemi nimekivunja. Hasemi nimelificha.
Ile silabi ndogo inayojibanza kwenye kitenzi
kama kupe kwenye sikio la ng'ombe
ameiruka, kama mtu anavyoruka dimbwi
bila kulitazama.

Wa Madrid, makala zasema, hawairuki.
Wa Paris huiruka, kisha huacha.
Wa hapa hukawia, nasi twagombana kwa nini.
Wapo wasemao kichwa ni kidogo, mzigo ni mzito.
Profesa asema la, mtoto hakosei:
amewasikia wakubwa nao wakiacha pengo
pale kila mtu anapojua kinachosemwa.

Basi nikawahesabu wakubwa.
Chumbani kwangu, juu ya duka la kufuli,
visikizi masikioni, chai imepoa.
Dakika ya sita, Deolinda: "Umepigia?"
Zulmira, mama mtoto: "Nimepigia."
Dakika ya tisa: "Utangoja mpaka Pasaka?"
"Nimeshangoja."
Dakika ya ishirini, maji yakimwagika kwenye sinki:
"Mtoto anakumbuka?"
"Juzi aliota."

Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena.
Saa kumi na nne za sauti, na hakuna aliyemtaja.
Nami wiki zote hizo nilikuwa nikila soseji
chini ya picha yake: kofia ya ujenzi, winchi nyuma,
anga ya Luksemburgi rangi ya saruji mbichi.
Jina lake, Adérito, nililipata kwa mkata tiketi.

Kwenye jedwali kuna safu ya kirejelewa.
Nikajaza: kikombe. Buti. Paka. Yeye.
Mlango. Yeye. Yeye.
Profesa alifurahi. "Namba safi," alisema,
akaongeza duara jingine kwenye mti.
Sikumwambia namba zile zilikuwa za nani.

Wiki moja kabla ya Pasaka, gari lenye namba za kigeni
lilipanda kilima, likapunguza mwendo, likapita.
Iria alikuwa amebandika pua kwenye kioo.
Nami, kinyume cha kila kanuni ya utafiti,
nikauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi:
Iria, baba umemwona?

Kijiko cha Deolinda kikasimama chunguni.

"Sijaonamu."

Imekuja! Imekuja, na imekaa nyuma ya kitenzi,
mahali pasipo pake, kama mgeni
aliyeingilia mlango wa kuni.
Kwenye kukanusha hutangulia, vitabu vyote vyasema,
na watoto wa huku hulikosea hilo
mpaka wanapoota meno ya pili.

"Sijamwona," Deolinda akamsahihisha, polepole,
kama anayemfungia kifungo.
Nikaandika kwenye fomu: kosa la nafasi, moja.
Mkono wangu ulitetemeka; mwandiko ule sikuusoma tena.

Zulmira alikuwa ameupa moto mgongo.
"Sijamwona," akarudia, si kwa mtoto,
akaendelea kukatakata vitunguu
vilivyokuwa vimekwisha kukatwa.