Mpima Theluji

Kazi yangu ni kuogopa, na nalipwa mwisho wa mwezi.
Kila alfajiri, kama giza la Januari huku Aisilandi lina alfajiri,
napanda juu ya kijiji na fimbo yenye alama nyekundu,
nachimba shimo lenye kimo cha mtoto,
navua glavu, nahesabu matabaka kwa kidole:
hii theluji ya Krismasi, hii ya upepo wa kaskazini,
hii laini kama sukari iliyomwagika, isiyoshikana na chochote.
Hiyo ndiyo mbaya.
Mlima mzima husimama juu ya sukari
ukijifanya mlima.

Kisha nasema redioni: leo laleni. Au: leo hameni.

Lakini woga haujui saa za kazi.
Ulinifuata nyumbani na viatu vyake vibichi.
Usiku uliniamsha mara saba nikaguse jiko:
limezimwa. Limezimwa. Rudi, hakikisha limezimwa.
Nikasimama mlangoni kwa Ketill, mwanangu,
nikihesabu anavyopumua, kumi na nne, kumi na tano,
hadi pumzi zake zikawa deni la kulipa mimi.
Moyo ulikwenda mbio bila kufika popote,
mbwa wa kamba anayeona kondoo ng'ambo.
Hallbera, jirani, akasema, "Solrun, ungepumzika,"
kana kwamba mapumziko ni chumba
na mimi nimepoteza ufunguo tu.

Nikapumzika, kweli.
Februari nilipumzika mpaka watu wakaogopa.
Hakuna kilichoanguka, hakuna kishindo.
Usiku mmoja sikuamka kugusa jiko,
nikadhani nimepona,
nikatabasamu gizani kama mjinga.
Kumbe sikuligusa kwa sababu
liwake, lisiwake, nyumba iungue,
yote yalikuwa habari za mtu mwingine
zinazosomwa na mtangazaji mwenye usingizi.

Huzuni (naiita hivyo kwa kukosa jina;
huzuni yenyewe ina machozi, hii haikuwa na hata hayo)
iliingia kama mgeni. Na mgeni ni siku mbili,
ya tatu mpe jembe. Nilimpa:
koleo la theluji, lile la mpini wa njano.
Akalipokea kwa mikono miwili, kwa adabu,
akaanza kunifukia.

Daktari huja kwa ndege Alhamisi, hali ya hewa ikiruhusu.
Akauliza: kipi kilitangulia, hofu au uzito huu?
Fomu yake ilikuwa na visanduku viwili.
Nikamwambia: daktari, njoo siku moja uchimbe.
Theluji ya juu haijui imelalia nini. Ya chini haisemi.
Miaka sita nilikesha nikishikilia kila kitu kisianguke;
mwili ukachoka kushika, ukasema, basi, na kianguke.
Na nilipokuwa chini kabisa, hofu ikaja kuninong'oneza:
siku tisa umelala, mtoto anakula biskuti,
mlimani hakuna anayepima.
Nikaogopa kuamka. Kwa kuogopa, nikazidi kulala.
Wanapokezana zamu, hawa. Mmoja akitoka
mwenzake ameshavaa koti.
Sijawahi kuwasikia wakigombana mlangoni.

Alinyamaza kitambo.
Kisha akatia alama visanduku vyote viwili,
nami nikampenda kidogo kwa hilo.

Sasa ni Machi. Nusu kidonge baada ya chai,
kijiko cha mafuta ya samaki, ambacho Ketill anasimamia
kama askari. Mlimani wamempeleka mtu mwingine,
kijana; anachimba vizuri, haogopi vya kutosha.

Jana usiku niliamka, nikaenda jikoni,
nikagusa jiko. Mara moja.
Lilikuwa baridi. Sikuondoa mkono.
Nilikuwa nimeogopa, kidogo tu, nyumba isije ikaungua,
na niliishika hofu ile ndogo
kama mtu aliyeokota kitufe cha koti alilokwisha kulitupa.

"Mama, unafanya nini?"
"Napima."
"Ni ngapi?"
"Sijui bado. Rudi kalale."