Nyota Mbili

Niliipa nyota mbili.
Gazetini niliandika: moshi mwingi, moto haba;
hadithi imeshonwa kwa uzi wa kukopa,
joka lina meno ya plastiki,
na mfalme anakata roho
kama mtu anayesubiri mshahara.
Mhariri alicheka. Akanilipa.

Jumamosi, Arua, kibanda cha video nyuma ya soko,
shilingi mia tano kwa kichwa,
watoto bure wakikaa chini.
Mfasiri Onzima kashika kipaza sauti,
kaliazima joka sauti ya shangazi yake,
yule wa kudai deni mlangoni alfajiri.
Kibanda kizima kikavunjika mbavu.
Nami pia, ingawa nilibana meno.

Kisha joka likaungua bawa.
Candiru, mtoto wa dada yangu, miaka saba,
hakupiga kelele. Alivua kandambili zake
akazikumbatia kifuani
kana kwamba zingepaa.
"Mjomba, litapona?"

Umeme ukakatika papo hapo.
Gizani, jenereta ikikohoa bila kuwaka,
kila mtu akaimalizia hadithi kwa mdomo wake:
huyu alilipaka joka mafuta ya shea,
yule alilivusha mpaka usiku, likatibiwe Kongo.
Muuza karanga akasema lisamehewe tu,
ng'ombe wale lilikula kwa njaa.

Kwangu bado ni nyota mbili.
Uzi ni wa kukopa, meno ni plastiki,
sifuti neno.
Ila zile kandambili
sijui niziandike safu gani.