Barua ya Tatu

Barua ya tatu ilikuja na muhuri wa wilaya,
faini juu ya faini, na jina la binti yangu
limekosewa: Roswita, bila ile h
ambayo marehemu mama yake aliipigania hospitalini.
Nikaibandika ukutani juu ya jiko,
kando ya jedwali la kuzidisha tulilolichora kwa makaa.

Huku milima ya Harz theluji hufunga njia mpaka Machi.
Tulijifunza sehemu kwa mkate wa shayiri:
nusu, robo, thumni, makombo ya panya.
Mvua ilipoanza akahesabu konokono wa bustani,
mmoja akamfanya jenerali.
Sikutaka mtu ampangie saa ya kushangaa.

Bi Ostertag akaja Jumatano, viatu vimelowa,
hakuketi mpaka nilipomvutia kiti.
Nikamwambia: asiyefunzwa na mamaye
hufunzwa na ulimwengu. Sawa.
Huyu mamaye yu kaburini, nimebaki mimi.
Mbona ulimwengu umekuja mapema hivi,
na faili kwapani?

Akajibu kwa upole, na upole ndio ulioniudhi:
"Bwana Kessel, mtoto si shamba lenye hati."

Nikasimama. Nikasema fikra haipangwi foleni,
haivalishwi sare, haigongewi kengele.
Nilisema mengi. Chai ikapoa.
Hata paka akatoka.

Ndipo Roswitha, miaka tisa, unga puani,
akauliza: "Huko shuleni kuna hadubini?"
"Zipo mbili. Moja imevunjika."
"Na mtu akimwambia mwalimu amekosea?"
Bi Ostertag akalitazama faili kana kwamba jibu limo humo.
"Inategemea mwalimu."
Binti akanigeukia.
"Na nikikwambia wewe?"

Miaka mitatu nimetetea uhuru wa fikra
mbele ya hakimu, mbele ya kasisi, mbele ya dada yangu,
na leo fikra yenyewe imeketi mezani pangu,
inaning'iniza miguu isiyofika sakafuni,
inangoja zamu yake.

Nikaenda kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

Usiku nikaanza barua ya nne:
Mimi, mzazi, nimeamua —
nikafuta. Kalamu nikaiacha juu ya karatasi.
Asubuhi, chini ya mstari ule uliofutwa,
mwandiko unapanda na kushuka kama njia ya mlimani:
Nataka kuiona ile hadubini nzima.
Konokono nitarudi kuwalisha saa nane.
Halafu jina lake, na h
kubwa kuliko herufi nyingine zote.